Hakuacha Kizazi

Kwa miaka minane, karibu kila Jumapili, nilitoka Thorncliffe Park asubuhi, nikapanda basi mpaka stesheni ya Don Mills, nikabadilisha la Markham, nikashuka Unionville kwa baba mkubwa, nikaketi naye kwenye meza ya kulia kuandika majina ya watu waliokufa zamani. Yeye alitaja, mimi niliandika. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hakuona tena mistari ya daftari. Mabinti zake wanne walikuwa wamesoma wote na kuolewa wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na subira ya kusikiliza habari za kijiji ambacho hawajawahi kukikanyaga. Mimi pia sikuwahi kukikanyaga. Ila mimi nilitaka.

Nieleze kwa nini nilitaka. Babu yangu alitoka kijiji kimoja cha Kachi, India, akaja kufungua duka Muheza. Alizaa wana wawili tu. Mkubwa aliletewa mke kutoka huko huko Kachi, na huyo ndiye baba mkubwa. Mdogo, baba yangu, alimwoa mama, Mbondei, binti wa fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka lao. Walioana kwa kadhi, mashahidi wakiwepo, pilau likaliwa. Nilizaliwa mimi peke yangu. Nina nywele za mama na pua ya babu, na tangu nikiwa mdogo watu wakiniona hunitazama mara mbili. Shuleni niliitwa chotara. Dukani wateja wa Kihindi walimuuliza baba kwa Kikachi, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, kama mimi ni mtoto wa mtumishi. Baba alikuwa akijibu, "Ni wangu," halafu akaendelea kupima sukari. Alifariki kabla sijamaliza kidato cha nne.

Kwa hiyo nilipofika Toronto mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sikuwa na mtu ila baba mkubwa, aliyekuwa amehamia huku na familia yake miaka mingi kabla. Alikuja uwanja wa ndege mwenyewe, na koti la binti yake wa mwisho mkononi, na soksi nzito jozi mbili.

"Vaa, mwanangu," alisema. "Baridi ya hapa haina adabu."

Nililala kwake miezi saba. Alinifundisha kupanda mabasi, alinisindikiza kwenye usaili wa kazi akaningoja nje kwenye gari, na nilipopata kazi ya kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati moja, alinunua vitamu vya jalebi akawagawia majirani. Wageni wakija aliniweka mbele yao akasema, "Huyu ni binti yangu wa tano." Sijui kama nimewahi kupewa kitu kikubwa kuliko maneno hayo.

Habari za ukoo zilianza alipostaafu. Alikuwa akizunguka nyumbani akimchosha mama mkubwa kwa hadithi, mpaka siku moja mama mkubwa akaniambia, "Njoo umsikilize wewe. Masikio yangu yamechoka." Nikanunua daftari, nikaenda.

Kijiji kile, alivyonieleza, kilikuwa cha koo tatu, kila ukoo na mtaa wake. Wa kwetu walikaa upande wa bwawa. Wa pili walikaa langoni, wakijiona mabwana kwa kuwa babu yao ndiye aliyejenga lango. Wa tatu walikaa nyuma ya msikiti, na hao, alisema akishusha sauti kana kwamba wangemsikia Markham, walitokana na mke wa pili, kwa hiyo harusini walikula baada ya wengine. Ukikutana na mtu njiani huulizi jina lake. Unauliza ni wa mtaa gani, mwana wa nani, mjukuu wa nani. Akishataja hayo matatu, umeshajua kama utampa maji kwa kikombe chako au utamwagia viganjani.

Majina yote yalitunzwa na baroti. Baroti ni mtunza nasaba, kazi ya kurithi, baba kwa mwana. Kila baada ya miaka kadhaa alipita nyumba hadi nyumba na kitabu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Walimlisha, wakampa nguo na uwele, naye akawasomea mababu zao mpaka wa kumi na mbili, kisha akaandika waliozaliwa na waliokufa tangu alipopita mara ya mwisho. Wanaume waliandikwa kwa majina. Mabinti hawakuandikwa majina, walihesabiwa tu.

"Asiyeandikwa na baroti," baba mkubwa alisema, akichovya mkate kwenye chai, "kijijini hajazaliwa."

Kulikuwa na mmoja, kizazi cha tano, aliyeoa binti wa wafinyanzi, watu waliohesabiwa wa chini. Baroti aliandika jina lake, akapiga mstari chini yake, basi. Watoto walikuwepo, wanakimbia mtaani, lakini kitabuni mzee amekwisha.

"Walikwenda wapi hao watoto?" niliuliza.

"Nani ajuaye? Hawamo." Akacheka. Na mimi nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Daftari la kwanza lilijaa, la pili likajaa. Nilijifunza nani alihamia Muscat, nani alikufa kwa ndui, nani aliwanyima ndugu zake njia ya kupitisha ng'ombe mpaka watu wakatoana damu. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikiwataja wale watu kama jirani zangu. Kila nilipouliza lini tutafika kwetu, kwa babu na wanawe wawili, baba mkubwa alinipa jibu lile lile.

"Tunaanza na wakubwa. Kwenu ni tawi changa, la mwisho. Haraka ya nini?"

Mama alikuja mwaka wa tano tangu nifike. Tulikaa naye ghorofa ya tisa, chumba kimoja na sebule. Baba mkubwa alikuja kumpa mkono wa karibu. Aliketi ukingoni mwa kiti, akanywa chai nusu kikombe, akasema, "Shemeji, baridi imekupokeaje?" Mama akasema imempokea vizuri. Baada ya hapo mama alikwenda Unionville mara mbili tu, zote sikukuu ya Idi, nyumba ikiwa imejaa watu. Jumapili nilipomwambia twende, alikuwa akishika magoti.

"Nenda wewe, mwanangu. Leo magoti hayataki."

Nilimwacha na televisheni asiyoielewa na roshani inayotazama maegesho ya magari. Magoti hayo hayo yalimpeleka madukani kila siku na msikitini kila Ijumaa. Nilikuwa na macho, lakini sikuunganisha.

Basi, mwaka wa nane wa zile Jumapili, dada yangu, yaani yule binti wa mwisho wa baba mkubwa aliyenipa koti lake, alikwenda India na mumewe kutembea. Tulicheza pamoja Muheza tukiwa wadogo, kabla hawajahama. Alikuwa amebaki kukisikia Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Wakiwa huko walipita kijijini nusu siku, wakamkuta mtoto wa baroti wa zamani, naye akawaonyesha kitabu. Dada alipiga picha kurasa za mtaa wetu kwa simu akanitumia. Aliandika kwa Kiingereza kwamba yeye haoni ila mikwaruzo, lakini mimi profesa wa ukoo nitafurahi.

Nilifurahi kweli. Sikuwaambia watu wa Unionville. Niliazima daftari la mwisho nikaja nalo nyumbani, nia yangu nilinganishe majina, halafu Jumapili nimsomee baba mkubwa kutoka kwenye kitabu chenyewe cha baroti. Niliwaza vile atakavyoshangaa.

Tatizo, kitabu kimeandikwa kwa Kigujarati, nami sijui kukisoma. Ghorofa ya sita kwenye jengo letu alikuwepo bibi mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Gujarati, sisi sote tukimwita Masi. Nilimkuta Jumamosi asubuhi chini, kwenye chumba cha kufulia, anangojea mashine zake. Nikamwomba. Alivaa miwani, akaishika simu yangu karibu na uso, akaanza kupanua picha kwa vidole viwili. Tulizungumza kwa Kikachi changu cha dukani na Kihindi cha kuokoteza.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Mtu huyu alisomeshwa." Akaanza kutaja majina, mimi nikifuata kwenye daftari kwa kalamu, nikiweka vema. Yalilingana. Kizazi cha nane, cha tisa. Baba mkubwa hakuwa amekosea hata mmoja, na nilijisikia fahari kana kwamba mtihani ni wangu.

"Huyu hapa ameandikwa alikwenda Afrika, ana duka," alisema Masi.

"Ndiye huyo! Babu yangu huyo."

"Ana wana wawili. Wa kwanza, mkewe wa kijiji cha jirani, mabinti wanne." Akasogeza picha. "Wa pili..." Akaivuta karibu zaidi. "Wa pili ameandikwa hakuoa. Hakuacha kizazi."

"Soma tena, Masi."

"'Hakuoa. Hakuacha kizazi.' Na hapa pembeni ameandika aliyempa habari. Ni kaka yake mkubwa, aliyefika mwenyewe kijijini." Akataja mwaka kwa kalenda yao, akahesabu kwa vidole akaugeuza. Ulikuwa mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tatu.

Mashine yake ilimaliza ikalia. Hakuinuka. Alinitazama juu ya miwani.

"Unamjua mtu huyu?"

Nilisema, "Alikuwa mtu wa kwetu." Sikuweza kusema ni baba yangu. Hata mimi nilimkana pale, kwenye chumba cha kufulia, na kumkana kwangu hakukuwa na sababu yoyote ila aibu.

Naikumbuka safari ile ya baba mkubwa. Alirudi na sanduku la bati lililojaa vitambaa, na mimi aliniletea bangili za kioo, kumi na mbili, za kijani. Nilizivaa mpaka ya mwisho ikapasuka. Baba alikuwa hai, ana nguvu zake, anafungua duka saa moja asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi nikifanya hesabu zangu za shule. Pale kwa Masi sikuwa natafuta jina langu kitabuni. Nilikuwa nimejua siku nyingi kwamba majina yetu hayaandikwi. Nilikuwa natafuta maneno mawili tu, binti mmoja.

Nilipanda juu. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi mbichi, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usishike. Nilimwambia nilichosomewa. Nilitarajia aseme "astaghfirullah," au aangushe kisu, au aseme baroti amekosea. Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitia kwenye maji.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu barua ilipokuja." Akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Kulitoka barua kijijini, inamtafutia baba yako mchumba. Wameambiwa yuko mpweke, umri unapita. Baba yako aliisoma dukani akacheka, akaniita anisomee. Halafu akaacha kucheka. Akamwendea kaka yake. Walifunga mlango. Mwaka mzima hawakusemezana."

Niliukumbuka mwaka ule. Niliambiwa baba mkubwa ana shughuli nyingi.

"Halafu babu yako akaugua," mama akaendelea, "wakakutana kitandani kwake, ikaisha. Yaani haikuisha, iliachwa. Baba yako akaniambia, mtoto asijue kamwe. Akijua atamchukia kaka yangu, na siku mimi nikiondoka, ana nani mwingine?"

"Kwa hiyo nyote mlijua. Baba, wewe, mama mkubwa, wote."

"Baba yako alikuwa anakuwazia wewe."

"Na wewe ukaniacha niende kule kila Jumapili? Miaka minane, mama. Nikaandike ukoo wa watu waliokufuta wewe?"

"Ulikuwa unarudi umefurahi," mama alisema.

Nilikwenda roshani nikasimama. Nilikuwa nimemkasirikia, nikamkasirikia baba kaburini, na katikati ya hasira ile nikaona na jambo langu mwenyewe. Kwamba kila Jumapili nilimwacha mama peke yake nikaenda kwenye nyumba ambayo hakuna siku walisema njoo naye. Sikumfuta kitabuni. Ila nilikuwa nimezoea kumwacha nyumbani.

Kesho yake nilikwenda Unionville kama kawaida. Nilisema shikamoo, baba mkubwa akaitikia marahaba, akasema nimechelewa, chai imepoa. Madaftari yalikuwa mezani, nikaliweka na lile la mwisho nililoazima. Niliketi na koti langu.

"Dada alinitumia picha za kitabu cha baroti," nilisema. "Nimesomewa."

Alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini wala hakukipeleka mdomoni.

"Nani amekusomea?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nikimtungia majibu, labda atasema siyo kweli, labda baroti alisikia vibaya, labda kuna ukurasa mwingine. Ningemkubalia lolote katika hayo. Lakini aliuliza nani amenisomea.

"Ni kweli, baba mkubwa?"

"Hayo mambo ya zamani, ya kijijini. Wewe uko Kanada, una kazi, una mshahara. Kitabu cha baroti kinakuzuia nini?"

"Baba alikuwa hai. Siku uliyosema hakuoa, alikuwa dukani Muheza anakuangalizia duka lako na lake."

"Nilikuwa na mabinti wanne," alisema, na sauti ikapanda. "Wanne! Mkubwa ameshafika umri wa kuolewa. Wachumba walikuwa wa kule. Kabla ya kuja, wanauliza kwa baroti, nyumba hii ina nani, mdogo wake kaoa wapi. Ningesema nini?"

"Ungesema kaoa Muheza. Ana binti mmoja."

Jikoni bomba lilikuwa linatiririka, likafungwa. Nilijua mama mkubwa amesimama nyuma ya mlango.

"Nimekufanyia ubaya gani mimi?" baba mkubwa aliuliza. "Nani alikuja kukupokea uwanja wa ndege? Nani alikulaza kwake?"

"Ni wewe."

"Nani alikuita binti yake mbele ya watu?"

"Ni wewe, baba mkubwa. Ndiyo maana nakuuliza. Miaka minane naandika. Nikikuuliza kwetu lini, unasema haraka ya nini. Ulikuwa unangoja nini?"

Alikiweka kikombe. Akapapasa meza mpaka akagusa daftari la juu, akaweka kiganja juu yake.

"Wewe peke yako ndiye uliyetaka kusikiliza," alisema.

Naamini hakusema uongo hapo. Ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa akinihitaji niandike, na kuniambia ukweli kungemkosesha mwandishi. Labda pia alikuwa akinipenda. Sijui mpaka leo kama mambo hayo mawili yalikuwa yametengana moyoni mwake.

Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata dawa, "Sikiliza. Nitampigia simu yule mtoto wa baroti. Nitamwambia akuweke chini yangu. Mtoto wa kulea. Utakuwemo."

"Mimi nina baba."

"Kitabuni huna."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekuambia kipimo cha kitambaa. Niliinuka. Madaftari niliyaacha pale pale, manane, yote kwa mwandiko wangu. Mlangoni mama mkubwa alinifikia na bakuli la chakula, kama Jumapili zote, akaniwekea mkononi bila kunitazama. Nililipokea kwa mazoea. Nilipofika kituo cha basi ndipo nilipogundua ninalo. Nyumbani nilitaka kulitupa, mama akanizuia. Alikipasha moto kile chakula, akala, akasema chakula hakina kosa.

Jumapili zilizofuata simu ililia saa nne asubuhi, saa ambayo kwa kawaida nilikuwa nashuka Unionville. Niliiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Iliendelea hivyo miezi, halafu ikakoma. Nilianza kutoka na mama Jumapili. Tulikwenda Crescent Town kwa mama mmoja wa Korogwe aliyekuwa akiuza mihogo na dagaa nyumbani kwake, tukakaa mpaka jioni mama akizungumza Kibondei mpaka sauti inakauka. Sikujua kwamba alikuwa na maneno mengi hivyo. Nilikuwa nikifurahi naye, lakini pia niliona miaka iliyopita bure, na furaha yenyewe ikawa na uchungu ndani yake.

Mwaka wa pili baada ya hapo kitabu kilichapwa. Siyo cha baroti, chetu, cha madaftari yangu. Walifanya mkutano wa familia kwenye ukumbi mmoja Markham, watu wakatoka mpaka Uingereza, na kila nyumba ikapewa nakala. Sisi hatukualikwa. Nakala yangu ililetwa kwa posta. Nilianza nyuma, kwenye kizazi cha mwisho. Babu yupo, na picha yake mbele ya duka la Muheza. Mwana mkubwa yupo, na mkewe, na mabinti wanne kwa majina yao kabisa, maana hapa Kanada mabinti huandikwa, na wajukuu na picha zao za kuhitimu. Kando yake yupo baba yangu. Jina lake, na chini yake karatasi nyeupe.

Kwenye ukurasa wa shukrani walimshukuru binti mmoja aliyesaidia kuandika kwa mkono. Hawakusema binti wa nani.

Nilimpigia dada. Alipokea akiwa kazini, nikasikia watu nyuma.

"Mimi nilichapa kama nilivyopewa na baba," alisema kwa Kiingereza.

"Unanijua mimi ni nani," nilimjibu kwa Kiswahili. "Tumelala kitanda kimoja Muheza. Ulinipa koti lako."

"Najua. Lakini baba alisema lazima kilingane na kile cha kijijini. Visipolingana watu watauliza."

"Kwa hiyo mimi nifutwe ili watu wasiulize."

Alishusha pumzi. "Usilifanye kubwa. Ni kitabu cha familia tu."

Baba mkubwa alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Habari ilitufikia kwa watu wa msikitini. Mimi nilisema siendi. Mama alikuwa ameshatoa kanga zake mbili nyeusi kabatini.

"Alikuwa shemeji yangu," alisema. "Kitabu walifuta wao. Mimi sijafuta mtu."

Tukaenda. Ukumbi wa wanawake ulikuwa umejaa, viti vimepangwa safu safu, mama mkubwa na mabinti zake mbele. Mama alijiunga na mstari wa kutoa pole. Msichana aliyekuwa akiwaongoza wageni, mjukuu wa mtu fulani kutoka Uingereza, alimuuliza kwa Kiingereza, kwa upole, yeye ni nani kwa marehemu. Nilimtafsiria mama.

"Mimi ni mke wa mdogo wake," mama alisema, wazi, kwa Kiswahili, na wengi mle ndani wanakijua Kiswahili.

Nikamtafsiria msichana, akanitazama mimi, akachanganyikiwa. "Lakini mdogo wake hakuoa," alisema. "Kwenye kitabu hana mke."

"Alioa," mama akasema nilipomtafsiria. "Binti yake huyu hapa."

Wanawake wa safu za mbele waligeuka. Mama mkubwa aliinuka kwa shida, akaja, akamshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili. Kwa kitambo kifupi nilidhani atasema kweli. Mume amekufa, mabinti wote wameolewa na wana watoto, hakuna mchumba wa kumficha. Alimkalisha mama kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, akawageukia wale wanawake akawaambia kwa Kikachi, "Huyu alikuwa jirani yetu Muheza. Mtu mwema sana."

Mama alikaa miaka zaidi ya kumi na tano kwenye baraza ya duka lile. Kikachi anakisikia chote. Alitoa mkono wake taratibu kutoka mikononi mwa mama mkubwa, akauweka mapajani, akabaki ameketi. Nilimnong'oneza twende. Akatikisa kichwa. Alikaa mpaka dua ikaisha, akaitikia amina kila palipopaswa kuitikiwa.

Nje theluji ilikuwa inadondoka na basi lilikuwa mbali. Dada alitufuata maegesho, macho yamevimba, ufunguo wa gari mkononi, akasema atatupeleka nyumbani. Mama alikubali kabla sijakataa. Alikaa mbele, mimi nyuma. Kutoka Markham mpaka Thorncliffe Park vilisikika vifuta kioo tu vikienda na kurudi. Aliposimama mbele ya jengo letu, dada aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitamka tangu tukiwa watoto, "Nisameheni."

"Haya, mwanangu," mama alisema, akamgusa bega, akateremka.

Mimi nilishuka nikafunga mlango. Dada bado anangoja jibu langu. Kila Idi hunitumia salamu, nami humrudishia salamu, fupi, za heshima, na neno lile lingine, la msamaha, silitaji.